Mzazi akianza kupoteza kumbukumbu: jinsi ya kuongea naye bila kuumizana

Naandika hii kwa yule ambaye sasa hivi nyumbani ana mama au baba au bibi anauliza swali lile lile toka asubuhi, anaficha vitu, anamwita mwanae kwa jina la mdogo wake aliyefariki zamani, na ndugu wote wanasema ni uzee tu. Uzee unaweza kukufanya usahau ulipoweka miwani, lakini kama miwani umeishika mkononi na hujui inatumikaje, hapo kuna ugonjwa kwenye ubongo. Hospitali wanauita dimenshia. Iko ya aina nyingi, inayoongoza ni Alzheimer, inafuata ile inayotokana na mishipa ya damu ya kichwani kuharibika, hasa kwa watu wenye presha na waliowahi kupata kiharusi.

Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 kulikuwa na watu kama milioni 57 wenye dimenshia, na zaidi ya nusu wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani huku kwetu. Hata Tanzania tumeshapimwa, utafiti uliofanyika wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro ulikuta asilimia 6.4 ya wazee wa miaka 70 kwenda juu wanayo. Kwahiyo mahali penye wazee mia moja wa umri huo, sita hivi wanaishi na huu ugonjwa. Bibi yetu alikuwa wa huko huko Hai, Machame, na mengi ya hapa chini nimeyaona kwake.

Hatua ya 1: Hakikisha kwanza ni dimenshia kweli

Shika hili moja kabla ya yote: dimenshia mara nyingi inaingia taratibu, miezi na miaka. Mzee ambaye jumapili alikuwa vizuri alafu jumatano anaongea vitu havieleweki, anaona watu ambao hawapo, amelala mchana kutwa na usiku anahangaika, huyo usiseme ugonjwa wa kusahau umeanza, huyo mpeleke hospitali leo leo. Inaweza kuwa U.T.I (maambukizi ya njia ya mkojo), malaria, nimonia, sukari imeshuka, maji yamepungua mwilini, au dawa mpya aliyoanzishwa wiki iliyopita. Hiyo ni dharura na mara nyingi inatibika. Na hata ambaye tayari ana dimenshia akibadilika ghafla hivo, ni hivo hivo, mpeleke.

Alafu hata ile ya taratibu kuna magonjwa yanafanana nayo na yana tiba. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo kufanya kazi kidogo, sonona (mjane aliyepoa baada ya msiba anaweza kuonekana kabisa amepoteza kumbukumbu), kaswende ya siku nyingi, VVU, damu inayovuja polepole ndani ya kichwa baada ya kuanguka, na wazee wanaanguka bafuni wananyamaza. Masikio pia yaangaliwe, na macho. Kuna mzee anaonekana haelewi kumbe hasikii.

Ukienda hospitali beba dawa zake ZOTE kwenye mfuko, za presha, za mitishamba, na zile za usingizi zilizonunuliwa duka la dawa bila cheti. Aende na mtu anayeishi naye kila siku, sio yule mtoto mwenye gari tu. Na andika mifano kwenye karatasi: mwezi wa tatu alipotea akitoka kanisani, mwezi wa tano aliweka chumvi mara tatu kwenye mboga, mwezi wa sita alishindwa kuhesabu chenji. Daktari anahitaji hiyo kuliko "anasahau sahau". Ulizia kliniki ya afya ya akili au ya mishipa ya fahamu kwenye hospitali ya rufaa ya karibu.

Kwanini nasisitiza mtu anayeishi naye? Kwasababu salamu zetu zinauficha huu ugonjwa. Shikamoo, marahaba, habari za huko, nzuri tu, watoto hawajambo, hawajambo kabisa, mama mzima, mzima sijui nyie. Mzee amefanya haya miaka sabini, yamekaa mahali ambapo ugonjwa unafika mwisho mwisho, kwahiyo anaweza kumaliza salamu zote kwa tabasamu na hajui kabisa wewe ni nani. Ndo mana shangazi akija sikukuu anakaa nusu saa anaondoka anasema mbona mama mzima tu, nyie mna mambo yenu. Ukitaka ndugu waelewe usiwaeleze kwa maneno, mwachie shangazi akae naye siku mbili na usiku mmoja.

Hatua ya 2: Jua kilichoharibika na kilichobaki

Kinachoondoka mapema ni mambo mapya. Alichokula asubuhi, nani alipiga simu jana, kwamba swali hili ameshauliza. Mambo ya zamani, ya utotoni, ya ndoa, yanakaa sana. Yanaondoka pia majina ya vitu, utasikia "lete kile cha kunywea", na kupanga mambo kwa mfuatano, na kujua saa na mahali. Kwahiyo anapouliza mara ya ishirini hakukomoi na wala hataki kukuchosha, kwake yeye hiyo ndo mara ya kwanza.

Hisia ndo zinadumu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa kule Marekani waliwaonyesha watu wenye Alzheimer vipande vya filamu za kuhuzunisha na za kufurahisha. Baada ya dakika chache walikuwa hawakumbuki waliona nini, wengine hawakumbuki kabisa kama waliona filamu, lakini huzuni ilikuwa bado ipo na furaha bado ipo. Fikiria hii ina maana gani kwa nyumba yako. Ukimfokea saa nne, saa nne na nusu ameshasahau maneno yako, ila anaweza kubaki na moyo mzito hajui kwanini, na wewe unashangaa leo mbona amegoma kula. Na ukicheka naye dakika kumi nayo inabaki. Mimi karibu kila kitu ninachoshauri hapa kinatoka kwenye hili.

Hatua ya 3: Acha kumtahini

Hili ndo kosa tunalofanya karibu wote. Mgeni anaingia, anainama mbele ya mzee: "Bibi mimi ni nani? Ebu nitaje jina! Unanikumbuka?" Na watu wote sebuleni wananyamaza wanasubiri. Mzee anatafuta, anahangaika, anajua kuna jibu linatakiwa na hana, aibu inamshika, wengine wanakasirika, wengine wanacheka cheka kujiokoa. Hakuna faida yoyote umepata hapo, kumbukumbu hairudi kwa kubanwa.

Jitambulishe wewe. "Shikamoo bibi, ni mimi Neema, mtoto wa Elia." Umempa jina, umempa ukoo, na umemwachia heshima yake. Badala ya "unakumbuka harusi yangu?" sema "siku ya harusi yangu ulivaa kitenge cha bluu, ulipendeza sana bibi", kama anakumbuka ataendeleza mwenyewe, kama hakumbuki amesikia amesifiwa. Wageni waambie mlangoni kabla hawajaingia, usione aibu, waambie tu jamani msimuulize maswali, jitambulisheni.

Hatua ya 4: Panga mazungumzo yawe mepesi

Zima tivii na redio. Kaa mbele yake, macho yenu yawe usawa mmoja, usiongee ukiwa umesimama mlangoni au unatokea nyuma yake. Mguse mkono. Sentensi moja, jambo moja. Ukisema "amka uoge tunaenda kwa baba mdogo alafu tukirudi tupitie sokoni" amebaki na neno la mwisho tu, sokoni.

Alafu subiri. Subiri kuliko unavyodhani inatosha, ubongo wake unafanya kazi kwa taratibu na ukirudia swali kwa maneno mengine kabla hajamaliza kulielewa la kwanza umemrudisha mwanzo. Mpe vitu viwili achague, chai au uji, na ukiweza mwonyeshe kikombe na bakuli. Usimuulize "unataka kula nini".

Na jamani usimwongelee akiwepo. "Huyu siku hizi anajikojolea" na yeye amekaa pale pale kwenye kochi. Anasikia. Sehemu ya kuelewa sauti ya dharau inakaa muda mrefu sana.

Hatua ya 5: Akisema kitu ambacho sio kweli, jibu kilicho ndani yake

Hapa ndo nyumba nyingi zinawaka moto. Bibi kila jioni kwenye saa kumi na moja alikuwa anasimama, anachukua mkoba wake, anataka kwenda nyumbani. Na yuko nyumbani, kwenye nyumba aliyoijenga na babu. Mwanzoni watu walikuwa wanambishia, bibi hapa ndo nyumbani, angalia picha ya babu ile pale, kitanda chako kile, na kadiri wanavyomthibitishia ndo anazidi kulia na kuvuta mlango. Shangazi mmoja ambaye hakusoma sana lakini ana akili ya watu ndo alimwezea. Alikuwa anamwambia:

"Haya mama. Nyumbani kuna nini?"
"Ng'ombe hawajakatiwa majani."
"Wako wangapi?"
"Wawili, na ndama."
"Basi twende tukaangalie majani."

Wanatoka, wanazunguka kwenye migomba, anashika shika majani, wanaongea habari za ng'ombe, giza linaanza kuingia, shangazi anasema kumekuchwa mama tuingie tunywe chai. Wanaingia. Kesho tena. Ila hakuna machozi.

Angalia alichofanya. Hakumwambia "hapa ndo kwako" na wala hakumdanganya kwamba wanaenda mahali. Aliuliza kile nyumbani kilichomvuta, akakuta ni wasiwasi wa mtu ambaye kazi yake haijaisha na jua linazama, akamsaidia na huo wasiwasi. Mtu anayedai kwenda nyumbani anaweza kuwa anasema naogopa, nimechoka, nina njaa, nimebanwa na mkojo, namtaka mtu wangu. Tafuta ni ipi. Jioni hali huwa mbaya zaidi kwa wengi, kwahiyo washa taa mapema kabla giza halijaingia na usipange kumwogesha muda huo.

Swali gumu kuliko yote ni "mama yangu yuko wapi?" au "mume wangu hajarudi?" na huyo mtu alishazikwa. Ukimwambia amekufa anapata msiba mpya, analia kama ndo kaletewa taarifa, na baada ya saa moja anauliza tena na unamfisha tena. Kuna watu dini yao inawakataza kabisa uongo na nawaheshimu. Ila unaweza kunyamaza kuhusu kifo bila kusema uongo. "Umemkumbuka baba? Alikuwa anapenda nini?" Hapo unaongelea ukweli mtupu, kwamba amemkumbuka. Lakini kama anauliza kwa utulivu na macho yake yako wazi, na anaonekana anajua anachouliza, mwambie ukweli kwa upole mara moja, umkumbatie. Utaijua tofauti ukiwa unaishi naye.

Hatua ya 6: Akisema umemwibia

Andaa moyo mapema maana hii inavunja familia. Ameficha hela zake, amesahau kama ameficha, hela haipo, kwahiyo imeibiwa, na mwizi ni yule aliye karibu. Na aliye karibu ni dada wa kazi, au mkwe, au binti aliyeacha kazi mjini kuja kumuuguza. Anayeuguza ndo anaitwa mwizi, na yule anayepiga simu kila jumapili ndo mtoto mwema. Inauma, acha tu.

Usijitetee. Kujitetea kwake ni ushahidi. Sema "pole mama, hela kupotea inaudhi, ngoja tutafute wote", na mtafute kweli, na ukiiona wewe usiiokote, mwongoze mpaka aione yeye. Jifunze maficho yake, wengi wana matatu manne tu wanayarudia: chini ya godoro, ndani ya mkebe wa unga, kwenye soksi, kwenye pindo la kanga, na lile pindo lifungue kabla kanga haijaingia kwenye maji. Mwachie noti ndogo ndogo za kushika, nyingi zihifadhi pengine. Na namba ya siri ya simu ya pesa asibaki nayo peke yake, matapeli wa kupiga simu wanawapenda sana wazee wa hivi.

Dada wa kazi mweleze huu ugonjwa siku ya kwanza kabisa, kabla hajatukanwa, na mhakikishie kwamba hakuna mtu atamsachi begi kwa neno la mgonjwa. Watu wengi wamefukuzwa kazi kwa aibu hivi na hela ilikuwa kwenye mkebe wa unga.

Hatua ya 7: Mfuate kwenye lugha yake

Hili halisemwi sana na kwetu ni kubwa kuliko tunavyofikiri. Mtu aliyekua na Kichaga au Kisukuma au Kihaya akajifunza Kiswahili shuleni au mjini, huu ugonjwa ukiendelea ile lugha ya pili inaweza kuanza kukimbia, anachanganya, mwishoe anabaki na lugha ya mama yake. Bibi alimaliza na Kichaga peke yake. Wajukuu wa Dar tuliokuwa tunakuja likizo tulibaki tunamwangalia, na tulichodhani ni kuropoka kilikuwa sentensi nzima zenye maana, anaomba maji.

Kwahiyo anza mapema. Kaa na mtu wa rika lake anayeijua hiyo lugha, rekodi kwenye simu maneno ya lazima: maji, njaa, choo, baridi, panauma wapi, kaa, simama, usiogope, nipo hapa, asante mama. Bandika ukutani karibu na kitanda ili kila anayeshika zamu ayatumie, hata matamshi yakiwa mabovu. Na ukitafuta mtu wa kukusaidia kazi, anayeijua lugha ya mzee ana thamani kubwa.

Nyimbo nazo. Mtu anaweza kushindwa kusema jina lake na akaimba tenzi nzima ya kanisani beti zote, au akaitikia dua na kusoma Alhamdu bila kukosea. Tumia hiyo wakati wa kumwogesha au kumvalisha, anza kuimba wewe, utaona mwili unalegea.

Hatua ya 8: Ndugu, ndoa na mali

Itisheni kikao mapema, mgonjwa akiwa bado anaelewa, na mumshirikishe. Anataka kukaa na nani, shamba anataka liweje, wosia, hati ya uwakilishi kwa mtu anayemwamini, vyote vifanyike na mwanasheria wakati bado ana uwezo wa kuamua, kwasababu baadae kila saini itakuwa na kesi nyuma yake. Kuna ndugu wanakuja na karatasi usiku. Mnawajua.

Mgawane kazi kwa majina. Fulani hela ya dawa na pampasi kila mwezi, fulani anakuja wikiendi moja kwa mwezi kulala ili anayeuguza atoke, fulani kliniki. Anayeuguza, na mara nyingi ni binti mmoja, naye ni mtu, analala masaa matatu tu kwa usiku, akianza kumfokea mzee usimhukumu, mpe siku ya kupumzika. Na wewe unayeuguza ukihisi mkono unataka kunyanyuka, toka nje, mwache mahali salama, rudi ukipoa.

Kwa mume au mke ni habari nyingine kabisa. Umelala na mtu miaka arobaini na usiku anaamka anakuuliza wewe ni nani kwenye chumba changu. Usimvute wala usimlazimishe akutambue, washa taa, taja jina lako, rudi nyuma kidogo, kama bado anaogopa lala kitanda kingine usiku huo. Kuna wanaomwombolezea mwenza wao akiwa bado hai na wanaona aibu kusema. Ongea na mtu, padri, shekhe, rafiki, yeyote atakayekusikiliza bila kukukatisha.

Watoto wa nyumbani waambie wazi: ubongo wa babu unaumwa, ndo mana anakuita jina lingine, hakuchukii. Na zile klipu za mzee akiropoka mnazotumiana kwenye grupu la ukoo mkicheka, futeni.

Hatua ya 9: Waambie majirani kabla hayajatokea

Mzee anatoka usiku, anapotea, anakutwa alfajiri uani kwa watu, kanga imedondoka, anaongea peke yake. Unajua watu watasema nini. Usukumani vikongwe wameuawa kwa macho mekundu tu yaliyotokana na moshi wa jikoni, na kule Kilifi pwani ya Kenya wazee wenye mvi wameuawa kwa jina la uchawi mpaka kukawa na mahali pa kuwakimbizia. Mtu mwenye dimenshia yuko kwenye hatari hiyo kuliko mwingine.

Kwahiyo nenda kwa mjumbe, kwa mchungaji au imamu, kwa bodaboda wa kijiweni, mwenye duka, waambie mama yangu anaumwa ugonjwa wa kusahau, mkimwona peke yake mnipigie. Mshonee namba ya simu kwenye nguo upande wa ndani. Komeo liwekwe juu kabisa ya mlango au chini kabisa, ila asifungiwe ndani peke yake, moto ukitokea hana pa kutokea.

Hatua ya 10: Maneno yakiisha

Mwishoni anaweza kunyamaza kabisa. Endelea kumwambia unachofanya kabla ya kumgusa, "nakuinua mama", "maji haya ya moto kidogo", na mpake mafuta mikono taratibu. Chakula kiwe laini, akae wima, kijiko kidogo, na akianza kukohoa kila akinywa maji mwambie daktari maana chakula kinaweza kuwa kinaingia kwenye mapafu.

Asiyeweza kusema panauma atakuonyesha kwa njia nyingine: anakunja uso ukimgeuza, anashika sehemu moja, anasukuma mkono wako, anaguna, anagoma kula ghafla, anapiga. Usikimbilie kusema amekuwa mkorofi. Angalia mdomoni kama kuna jino bovu au kidonda, angalia mgongo na visigino kama ngozi imeanza kuchubuka, kumbuka mara ya mwisho alipata choo lini na kilikuwa kigumu au laini, mpime joto, na peleka mkojo ukapimwe.